Mgeni Atakaye Kufungua Biashara ya Utalii Nyabiyonza: Sheria Yataka Nini Kwake, na Nini kwa Mwenye Kumpokea



Msimu ukisha na fedha za karafuu zikishafika mikononi, ofisi yetu hupokea barua za kila namna. Mmoja auliza bei ya mabati, mwingine auliza kama ni kheri kununua boti au kumpeleka mtoto chuoni. Safari hii imekuja barua moja ambayo tumeona si vyema kumjibu mwenyewe peke yake, kwani jambo lililomo laweza kumfikia mwanachama yeyote.

Mwanachama wetu mmoja wa upande wa Mkoani ana kijana wake anayefanya kazi Nyabiyonza, katika Wilaya ya Karagwe, Mkoa wa Kagera. Huko kijana amefahamiana na mgeni kutoka Ulaya ambaye ameipenda nchi ile, naye ataka kujenga nyumba za kulaza watalii, kuwatembeza katika mashamba ya kahawa na migomba, na kuwapeleka mbugani kutazama wanyama. Mgeni amemwambia kijana hivi: nunua shamba kwa jina lako, mimi nitatoa fedha za kujenga, kisha sisi wawili tutaandikiana karatasi yetu. Malipo ya mwanzo ya shamba yamempungukia kijana, basi amemwandikia baba yake amsaidie kwa fedha za karafuu. Mzee wetu auliza: jambo hili sheria yaliruhusu? Na fedha zangu zitakuwa salama?

Twajibu kwanza kwa ufupi, kisha tutaeleza. Mgeni aweza kufanya biashara ya utalii Karagwe. Sheria haimfungii mlango. Lakini mlango aliouchagua huyu si wake, na atakayebanwa kidole mlango huo ukifungwa ni kijana, si mgeni.

Kwa wale wasioijua nchi hiyo, Karagwe iko pembeni kabisa kaskazini-magharibi ya Tanzania, karibu na Rwanda na Uganda, na Mto Kagera ndio mpaka kwa sehemu kubwa. Wenyeji ni Wanyambo, watu wa migomba, kahawa na ng'ombe wenye pembe ndefu. Mji wa wilaya ni Kayanga. Kyerwa, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Karagwe, ilifanywa wilaya ya peke yake mwaka 2012; kwa hiyo mtu mwenye shughuli upande ule ana halmashauri nyingine ya kwenda kuonana nayo. Utalii umeanza kutajwa sana huko tangu 2019, mwaka ambao mapori ya akiba yalipandishwa daraja yakawa Hifadhi za Taifa tatu: Burigi-Chato, Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe.

Hiyo ya mwisho imechukua jina la Mfalme Rumanyika, ambaye mwaka 1861 aliwapokea Waingereza Speke na Grant katika makao yake ya Bweranyange. Hata wakati ule mgeni hakuingia tu. Aliomba ruhusa, alipeleka zawadi, akangoja mpaka aitwe. Wafanya biashara wa kutoka pwani na visiwani walikuwa na kituo chao Kafuro, karibu na hapo, nao walikaa kwa ridhaa ya mfalme huyo huyo. Kwa hiyo atakayesema kwamba masharti kwa wageni ni jambo la kuletwa na serikali za siku hizi, hajui habari za Karagwe.

Sasa tuanze na swali ambalo watu wengi hulipita mbio: mgeni ni nani? Mtu wa Pemba au Unguja akienda Nyabiyonza si mgeni mbele ya sheria, kwa kuwa ni raia wa Tanzania. Aweza kuomba ardhi na leseni kama mtu wa Mwanza au Bukoba. Lakini Mganda aliyevuka mpaka wa Murongo asubuhi, ajapokuwa anasema lugha iliyo jirani na ya wenyeji na ana shemeji zake Kyerwa, huyo ni mgeni. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, imewafungulia majirani njia katika mambo mengi. Katika ardhi imeiachia kila nchi sheria zake.

Wala msisahau ndugu zetu walioko ng'ambo. Mtu amezaliwa Wete, mama yake amezikwa Wete, lakini amechukua uraia wa Uingereza au wa Oman. Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, basi akichukua ule ameuacha huu, naye akija kuomba shamba Karagwe ahesabiwa mgeni. Mwaka 2024 uliletwa Bungeni mswada wa kuwapa watu wa asili ya Tanzania hadhi maalumu. Ndugu anayeitegemea njia hiyo aende Uhamiaji, apate karatasi yake mkononi, ndipo anunue tofali la kwanza. Na kuoa hakumfanyi mwanamume mgeni kuwa mwananchi. Wako wanaodhani kwamba akisha kufunga ndoa na binti wa mahali basi mambo yamekwisha, hayajakwisha.

Tumekuja kwenye ardhi, na hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ndiko kwenye shina la jambo lote.

Ardhi yote ya Bara ni mali ya umma, Rais ameshika kama mdhamini. Sheria mbili za mwaka 1999, yaani Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zimeigawa katika mafungu matatu: ardhi ya jumla, ambayo kwa kawaida ni ya miji na viwanja vilivyopimwa; ardhi ya kijiji; na ardhi ya hifadhi, ambamo mna mbuga na misitu. Sehemu kubwa ya mashamba ya Nyabiyonza, kama ilivyo shamba lolote la nchi ya migomba, ni ardhi ya kijiji. Hiyo hugawiwa na halmashauri ya kijiji baada ya mkutano mkuu wa kijiji kuridhia, na mwenye kupewa hupata hati ya hakimiliki ya kimila.

Sheria ya Ardhi yasema waziwazi kwamba asiye raia hapewi ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji uliokubaliwa chini ya sheria ya uwekezaji. Hata akikubaliwa, hapewi kama apewavyo mwananchi. Hati hushikwa na mamlaka ya uwekezaji, na yeye hupewa haki itokanayo na hati ile, kwa muda usiozidi miaka 99. Mradi ukifa, au muda ukiisha, ardhi hurudi. Na kwa wale wenye akili nyepesi ya kupita pembeni, sheria imewatangulia: kampuni ambayo wengi wa wenye hisa zake ni wageni huhesabiwa kuwa ni mgeni, hata kama imeandikishwa Dar es Salaam na ina jina la Kiswahili kizuri.

Je, mgeni akilitaka shamba lililo katika ardhi ya kijiji? Njia ipo, ila ni ndefu. Ardhi hiyo lazima kwanza ihamishwe kutoka ardhi ya kijiji iwe ardhi ya jumla. Tangazo hutolewa, wanakijiji hukutana, na ikiwa eneo halizidi hekta 250 ni mkutano mkuu wa kijiji wenye kukubali au kukataa. Likizidi hapo huamua Waziri baada ya kuyasikia mapendekezo ya kijiji. Fidia huzungumzwa na kukubaliwa kwanza. Na hapa wanakijiji wajue jambo ambalo aghalabu hawaambiwi: ardhi ikishahama si yao tena. Mradi ukifa haiwarudii kwa kufa kwake. Hubaki ardhi ya jumla. Kwa hiyo kijiji kinachopiga kura kwa ajili ya nyumba sita za watalii kinapiga kura ya wajukuu.

Kuna njia nyepesi zaidi, nayo ni kutafuta kiwanja ambacho tayari ni ardhi ya jumla, kama vile penye mji wa Kayanga. Watalii watalala mjini na asubuhi watapelekwa Nyabiyonza kutazama kahawa. Twaona ajabu kwamba watu huikimbia njia hii, hali yapunguza nusu ya matatizo. Ama ndani ya mbuga zenyewe hakuna cha kununua hata kidogo. Atakaye kujenga kambi humo huzungumza na Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, na hufanya mapatano nalo.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Mgeni amwambia anunue kwa jina lake. Huko ndiko kuazimisha jina, na tumelisikia Pemba, tumelisikia Nungwi na Jambiani, wala si jambo geni. Mwenye kuazima huliona kama kuazima baiskeli. Lakini tazameni litakalofuata. Shamba litaandikwa kwa jina la kijana, na kodi itaandikwa kwa jina la kijana. Wapishi na walinzi wasipolipwa mishahara watamshitaki kijana. Wakaguzi wa mazingira wakikuta choo kimechimbwa karibu na mto, jina watakaloliuliza ni lake. Mgeni, siku mambo yakiharibika, atapanda ndege.

Na ile karatasi watakayoandikiana wawili? Sheria ya Mikataba ya Bara yasema kwamba mapatano ambayo kusudi lake ni kinyume cha sheria hayana nguvu. Karatasi isemayo "shamba hili ni la fulani mgeni ingawa limeandikwa jina langu" ndiyo ushahidi wa kwanza dhidi ya wote wawili. Mgeni hawezi kuipeleka mahakamani adai shamba. Kijana naye hawezi kuipeleka adai ujira aliahidiwa. Wamefungana kwa kamba ambayo hakuna hakimu atakayeivuta. Tena tufikirie na mauti, maana hayapigi hodi: kijana akifariki, shamba liko katika mirathi yake, warithi wake ni mzee wetu na wengine, na mgeni atasimama mlangoni na bunda la risiti za saruji. Ugomvi wa namna hiyo haumalizwi na sheha wala na mwenyekiti wa kijiji.

Kuna jambo jingine jipya, ambalo yafaa kila mwanachama alijue. Tarehe 28 Julai 2025 Waziri wa Viwanda na Biashara alitoa Amri, Tangazo la Serikali Na. 487A, iliyotaja aina 15 za biashara ambazo mtu asiye raia hapewi leseni kuzifanya Tanzania Bara. Zimo biashara za rejareja na jumla, saluni, kutengeneza simu, kutuma na kupokea fedha kwa simu, na nyinginezo. Zinazohusu utalii ni hizi: kuongoza watalii, na kuendesha makumbusho au maduka ya vinyago na kumbukumbu. Na iko moja itakayomgusa mgeni wetu bila ya yeye kutazamia, nayo ni kununua mazao shambani.

Tulipange jambo hili mbele ya mradi wa Nyabiyonza tuone linakaaje. Nyumba za kulaza wageni hazimo katika Amri ile, basi hizo aweza kuziendesha. Kuwatembeza watalii yeye mwenyewe shambani, akieleza hiki ni kibuni cha robusta na huku ndiko kukoboa, hawezi. Kazi ya kuongoza ni ya mwananchi, na Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 nayo ilikwisha kuiwekea wananchi kazi hiyo, pamoja na ile ya kupandisha watu milima. Duka dogo la mikeka na vinyago kando ya mapokezi, hawezi. Kununua kahawa kwa mkulima ili aifunge katika mifuko mizuri awauzie watalii, hawezi. Kahawa ya Karagwe ina njia yake ya vyama vya ushirika, kama karafuu zetu zilivyo na Shirika la ZSTC. Mtu wa Pemba hahitaji kuelezwa sana maana ya kununua zao nje ya njia yake.

Amri imeweka na adhabu. Mgeni akipatikana na hatia hutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 10, au kifungo kisichozidi miezi sita, na visa yake na kibali cha ukaazi hufutwa. Lakini someni na mstari unaofuata: mwananchi anayemsaidia mgeni kufanya biashara zilizokatazwa naye ana hatia, na faini yake ni shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi mitatu. Kuazimisha jina kwa leseni ya duka au ya kuongoza watalii, ambako zamani watu walikuita ujanja, sasa kuna bei iliyoandikwa. Kenya ilinung'unika sana Amri hii ilipotoka, ikasema yavunja mapatano ya Jumuiya, na pengine wakubwa wataendelea kujadiliana. Kijana wa Nyabiyonza asiyangoje majadiliano hayo akiwa amekwisha kutia saini.

Na karatasi za mgeni mwenyewe, akitaka kupita njia iliyonyooka? Tutazitaja kwa haraka. Kampuni huandikishwa BRELA. Namba ya mlipa kodi hutoka TRA. Cheti cha uwekezaji hutoka katika mamlaka iitwayo TISEZA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2025 badala ya kile Kituo cha Uwekezaji tulichokizoea. Sheria iliyotangulia, ya 2022, iliweka kwamba mgeni hapati cheti hicho mpaka mtaji wake ufike dola za Kimarekani 500,000, na mwananchi dola 50,000. Basi mgeni mwenye mkoba mdogo na aulize mapema mradi wake wasimama wapi, kwani bila ya cheti ile njia ya ardhi tuliyoieleza haipo kwake. Kabla ya kujenga yatakiwa tathmini ya athari kwa mazingira na cheti chake chini ya sheria ya mazingira ya 2004, ambayo husimamiwa na NEMC, na kibali cha ujenzi kwa Halmashauri ya Wilaya huko Kayanga. Kisha leseni ya utalii, ambayo wazee wa kazi hiyo bado huiita TALA kwa jina la sheria ya 1969, ingawa sasa hutolewa chini ya ile ya 2008.

Yeye mwenyewe, ili akae na kufanya kazi, yampasa awe na vibali viwili, na watu wengi huvichanganya. Kimoja ni kibali cha kazi, kutoka kwa Kamishna wa Kazi, kwa sheria ya 2015 ya ajira za wageni. Cha pili ni kibali cha ukaazi, kutoka Uhamiaji. Cha mwekezaji ni daraja A, cha mwajiriwa ni daraja B. Cha kwanza hakikufungulii mpaka, na cha pili peke yake hakikupi ruhusa ya kushika kazi. Aliyeingia kwa visa ya matembezi akaonekana juu ya ngazi akiamrisha mafundi amekwisha kukosa, hata kama fedha ni zake na ukuta ni wake.

Mtu atasema: hivi ndivyo mnavyowakimbiza wageni wenye fedha. Twasema hapana. Masharti mengine ni mengi kupita kiasi, hilo twalikubali, na mtu kuzunguka ofisi nyingi kwa nyumba sita za wageni ni kazi ya kuchosha. Ingefaa ofisi hizo zikae chini ya dari moja hata mikoani. Lakini sharti la ardhi si la kuchokozana. Sisi wa visiwani tulikwisha kuliona. Miaka ya 1930 mashamba mengi ya mikarafuu yalikuwa yamewekwa rehani, mkulima yumo shambani lakini shamba si lake tena, mpaka mwaka 1934 Serikali ya wakati ule ikalazimika kuweka sheria za kuzuia mashamba yasiendelee kuhamia kwa wakopeshaji. Walikosea katika mengine mengi, lakini ugonjwa waliutambua: mtu hupoteza shamba kwa karatasi, na kwa nguvu ni mara chache.

Na kwa kuwa barua hii imetoka kwetu, tuseme neno juu ya kwetu pia, maana sheria za Bara za ardhi, leseni na uwekezaji hazivuki bahari. Uhamiaji ndio jambo la Muungano, basi kibali cha ukaazi ni kile kile. Mengine ni ya hapa: kampuni huandikishwa BPRA, uwekezaji ni ZIPA kwa sheria ya 2023, leseni ya utalii ni Kamisheni ya Utalii kwa sheria ya 2009, na kibali cha kazi hutolewa kwa sheria ya ajira ya hapa hapa ya 2005. Ardhi iko chini ya sheria ya 1992. Haki ya matumizi ni ya Mzanzibari, na mgeni hupata kukodi tu, kwa kupitia Serikali. Basi mwanachama anayefuatwa shambani na mgeni na kuambiwa "nikodishe eka moja ya juu ya kilima, penye upepo", asikubali na asikatae kwa maneno. Amwelekeze ZIPA na Kamisheni ya Ardhi, wamalize huko.

Aliye na eka tatu azidi kujihadhari. Eka hizo waliopewa wazee baada ya Mapinduzi ya 1964 zilikuwa za kutumia, si za kuuza. Na msichanganye miti na ardhi. Kwetu twaweza kuwa na mikarafuu ya mtu mmoja juu ya ardhi ya mwingine, na kukodisha mikarafuu kwa msimu ni desturi ya siku nyingi. Mgeni hajui tofauti hiyo, na mkalimani wake mara nyingi hapendi kumweleza. Mkikodisha mavuno, andikeni mavuno. Neno "shamba" lisionekane katika karatasi ile. Ama kuwapokea watalii waje kunusa karafuu, mdalasini na hiliki katika shamba lako, kama wafanyavyo Kizimbani na Kidichi, hiyo ni biashara yako mwenyewe nawe ni mwenyeji. Chukua leseni yako, na usikubali kufanywa kibarua katika shamba la baba yako.

Sasa mzee wetu wa Mkoani, shauri letu ni hili. Usipeleke fedha kwa malipo ya shamba hilo kama mambo yalivyopangwa. Mwandikie kijana amwambie mgeni kwa adabu kwamba jina lake haliazimwi. Ikiwa mgeni ana mtaji, na aende TISEZA kwa miguu yake, atafute kiwanja cha ardhi ya jumla, na amwajiri kijana kwa mkataba wa kazi. Hapo kijana atapata mshahara bila ya hofu.

Ikiwa mgeni hana mtaji wa kufika kiwango hicho, iko njia nyingine tunayoiona ni nzuri zaidi. Kijana ni raia. Aombe yeye ardhi kwa halmashauri ya kijiji kwa haki yake, awe mwenyewe kweli, aanze kwa vyumba viwili vitatu, achukue leseni ya kuongoza watalii, na mgeni abaki kwao Ulaya akusanye wageni na kuwaleta kwa makubaliano ya malipo yaliyo wazi. Akikopesha fedha, ziandikwe kuwa ni mkopo, na kiasi chake, na siku ya kulipa. Shamba lisitajwe wala lisiwekwe rehani kwake. Wakitaka kufanya kampuni pamoja, wananchi wawe na hisa nyingi kuliko mgeni, na hisa hizo ziwe zimelipiwa na wenyewe. Hisa za karatasi tu ni lile jina la kuazima, limevikwa koti.

Katika njia hiyo ya pili, fedha za karafuu zaweza kwenda, kama mzee anaridhika na kijana wake. Lakini kwanza aombe aletewe vitu vitatu: nakala ya muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji ulioridhia kijana apewe ardhi, nakala ya hati ya kimila au ya maombi yake yaliyopokewa, na jina la ofisa ardhi wa Kayanga aliyeliona faili. Kijana akisema mgeni ana haraka na karatasi zitafuata nyuma, fedha zibaki Mkoani.

Wanachama wenye barua au karatasi za namna hii ambazo hawajazitia saini wazilete ofisini siku za kazi, asubuhi. Zilizokwisha kutiwa saini nazo zileteni, ila msichelewe.